Mtoto ana siku 23 na hana jina, mke wangu amekataa jina la bibi yangu

Ngosha wa Dodoma

Wakuu habari za jioni. Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu, leo naleta langu kwa sababu limenizidi.

Mke wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo 3.2, ndiye wa kwanza wetu. Leo ana siku 23 na hana jina. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa jina la mtoto tumeuandika kwa penseli. Mke wangu aliandika Furaha tukiwa bado wodini. Tulipofika nyumbani nikafuta, nikaandika Nyanzala. Kesho yake nikakuta Furaha. Nikafuta tena. Juzi usiku nimeishika ile kadi karibu na taa nikaona pale kwenye mstari karatasi imechubuka, imeota manyoya. Hata ukija na kalamu ya wino sasa, wino utasambaa. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana hatujawahi kugombana hivi. Na kusema kweli hatugombani kwa maneno. Tunafutiana tu.

Nyanzala ni bibi yangu mzaa baba. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, mama akaolewa kwingine, bibi akanichukua Kishapu. Alizaliwa mwaka wa njaa, 1949, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kwa wasiojua Kisukuma, nzala ni njaa. Kwetu ni kawaida: aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula, wa kike Kabula, aliyezaliwa kipindi cha njaa ni Nyanzala, na jina likishapata mwenyewe linarudi kwa wajukuu. Bibi alifariki 2016. Siku ya kumzika nilisema pale kaburini kwamba binti yangu wa kwanza atakuwa yeye. Watu walisikia, shangazi yangu akiwemo.

Mke wangu ni Msambaa wa Lushoto. Anasema hawezi kumwita mwanawe Njaa. Nimemwambia si Njaa, ni bibi. Ananijibu, "Kwako ni bibi. Kwa walimu na wenzake ni njaa." Mama yake naye kapiga simu, anasema hata padre hatakubali kubatiza jina la kienyeji. Kwa upande wangu, shangazi amekuja kumlea mzazi. Mtoto analia kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba, na shangazi anasema analilia jina. Kila akisema hivyo mke wangu anamchukua mtoto, anaingia chumbani, anafunga mlango.

Furaha ni jina zuri, sikatai. Lakini halina mtu. Hakuna Furaha kwenye ukoo wake wala wangu. Naona kama namnyima bibi nafasi yake na kumpa neno tu.

Naombeni ushauri wa watu waliopitia. Nawasilisha.

Mtemi Mdogo

Hongera mkuu. Mimi sizungushi maneno. Kwa makabila mengi ninayoyajua, jina la mtoto wa kwanza linatoka upande wa baba. Bibi alikulea, ukaahidi mbele ya kaburi. Ukikubali jina lake lifutwe kwa sababu wanafunzi watacheka, kesho utaambiwa mtoto asipelekwe Kishapu kwa sababu kuna vumbi. Chukua kalamu ya wino, andika, weka kadi kabatini. Atanuna wiki mbili, atazoea.

Binti Usambara

Mtemi, mwanamke aliyejifungua siku 23 zilizopita hanuni wiki mbili akazoea. Anaweka. Nimeliona kwa dada yangu. Jina alipewa mtoto na wakwe, yeye akanyamaza, mtoto leo ana miaka 11 na mama yake hajawahi kulitamka lile jina. Anamwita "mwanangu". Akiwa jikoni na mtoto yuko uani, anatoka mpaka mlangoni ili amwite bila jina.

Mleta uzi, umetueleza mama mkwe kasema nini, shangazi kasema nini, wewe uliahidi nini. Mkeo umempa sentensi moja tu. Umemuuliza kwa nini jina hili limemkaa vibaya kiasi hiki? Hiyo habari ya walimu na wenzake haitoshi kumfanya mtu afute kadi ya kliniki. Kuna kitu hapo.

Nesi Zamu ya Usiku

Hongereni kwa mtoto. Mimi nianze na kilio maana naona kimeingizwa kwenye kesi.

Mtoto wa wiki tatu analia jioni mpaka usiku, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, hana homa: hao tunawaona kila siku. Kilio cha namna hiyo huwa kinapanda mpaka karibu wiki ya 6, halafu kinashuka, na wengi wanatulia wakifika miezi 3 au 4. Mcheulishe baada ya kunyonya, mpakate wima kifuani, tembea naye, punguza mwanga na watu. Msimpe maji wala dawa ya tumbo ya kienyeji, mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Akipata homa, akikataa kunyonya au akilegea, hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri kukuche.

Najua "analilia jina" ni imani ya wazee wetu wengi, na bibi yangu mimi alisema hivyo hivyo kwa mdogo wangu. Sina ugomvi nayo. Ila mzazi mpya akiambiwa kila usiku kwamba mwanawe anateseka kwa sababu ya ubishi wake yeye mama, hilo ni zito mno. Usingizi hana, kidonda hakijapona, na bado anabebeshwa kosa. Mwambie shangazi kwa heshima, mkiwa wawili, asiliseme tena mbele ya mzazi.

Na kadi acheni kuifuta. Ile ndiyo kumbukumbu ya chanjo na uzito wa mtoto mpaka anafika miaka mitano.

Katekista wa Kigango

Mama mkwe wako anasema alichofundishwa zamani, usimlaumu. Sheria ya Kanisa ya 1917, kanoni 761, ilitaka mapadre wahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishikilia lao, padre aongeze jina la mtakatifu na yote mawili yaandikwe kwenye kitabu cha ubatizo. Ndiyo maana wazazi wetu wote ni kina Maria na Yosefu hata kama nyumbani walikuwa na majina mengine. Sheria ya sasa ni ya 1983, kanoni 855, nayo inataka tu jina lisiwe geni kwa mwelekeo wa Kikristo. Nyanzala linabatizwa bila tatizo. Furaha pia linabatizwa. Kwa hiyo padre mwondoeni kwenye huu mjadala, mbaki wawili.

Mzee wa Kisauni

Assalaam aleikum. Hongera kijana wangu.

Sisi Waislamu siku ya saba huwa tushamaliza mambo haya: nywele zishanyolewa, akika ishachinjwa, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na jina lishatajwa. Wewe si lazima uwe wa dini yangu, lakini kuna kisa katika Bukhari nataka ukisikie. Alikuja mtu kwa Mtume (s.a.w.), akamuuliza, jina lako nani? Akasema Hazn, yaani ardhi ngumu. Akaambiwa, bali wewe ni Sahl, yaani laini. Yule mtu akasema, sibadili jina alilonipa baba yangu. Mjukuu wake alikuwa Said bin Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, naye ndiye aliyekuja kusema kwamba ule ugumu haukuwatoka mpaka wakati wake. Na yuko binti wa Umar aliyekuwa akiitwa Asiya kwa maana ya muasi, Mtume akamwita Jamila.

Nakwambia haya kwa sababu jina la wazazi ni kitu cha heshima, lakini maana yake pia inatazamwa.

Wako wanavyuoni, Ibnul Qayyim mmoja wao, waliosema wazazi wakizozana neno la mwisho ni la baba. Mimi nililitumia hilo mwaka 1988, nikampa binti yangu jina la mama yangu, na mke wangu hakusema kitu. Alipofariki, Mungu amrehemu, tulikuta daftari lake la mapishi. Ndani ya jalada ameandika jina jengine, na tarehe aliyozaliwa yule mtoto. Kila nikilishika lile daftari hulitazama.

Wa Nyeri

Kwetu Wakikuyu hii vita haipo, ama wacha niseme ingefaa isiwepo. Mvulana wa kwanza ni babake baba, msichana wa kwanza ni mamake baba, wa pili wa kila upande wanaenda kwa wazazi wa mama, halafu ndugu na dada. Jina linajulikana hata kabla ya mimba. Na jina kwetu si sauti tu, huyo mtoto ni yule mtu. Mume wangu humwita binti yetu wa kwanza "maitũ", mama yangu, na hatanii. Kwa hivyo Ngosha nakuelewa kabisa unaposema Furaha halina mtu.

Lakini nikwambie pale mpango unavunjika. Msichana wa pili nilimngojea kwa hamu kwa sababu huyo ni wa mamangu. Alipozaliwa, mume akasema dadake amekufa juzi, tumpe dada. Nilikubali kwa sababu kulikuwa na matanga. Wa tatu hakuja. Mamangu ako na miaka 81 na hana mtoto wa jina lake kwangu. Huwa hasemi kitu, anauliza tu, "Na wewe umefunga uzazi?" Nikiskia hivyo najua anauliza nini.

Sheria ya huku Kenya inaruhusu jina la mtoto kubadilishwa ndani ya miaka 2 baada ya kusajili. Niliijua ikiwa imepita.

Ngosha wa Dodoma

Nawasoma wote. Mzee wa Kisauni, habari ya daftari imenikaa. Nesi, nimeongea na shangazi, amesema amesikia. Binti Usambara, swali lako sijalijibu kwa sababu jibu sina, kweli sijamuuliza. Nilidhani nimemwelewa.

Mama Kulwa

Mimi ni Mhaya wa Muleba, mume ni Msukuma wa Magu, Mungu akatupa mapacha wa kike. Wakwe hata hawakuuliza: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, kwao hilo halina mjadala. Mama yangu naye hakuuliza: Nyangoma na Nyakato. Na sisi wenyewe tulikuwa na majina yetu ya kwenye cheti tuliyoyachagua miezi minne kabla. Wiki ya kwanza nyumba ilikuwa na majina sita kwa watoto wawili.

Nililia sana, ila baadaye niligundua hakuna aliyekuwa anataka kuninyang'anya mtoto, kila mmoja alitaka mlango wake wa kuingilia. Leo wana miaka 9. Wakienda Magu wanaitika Kulwa na Doto, Muleba wanaitika la huko, shuleni la cheti. Wala hawachanganyikiwi. Aliyewafuata ni Shija kwa baba yake, hata mimi namwita hivyo sasa.

Ila Ngosha, kuna jambo nalitaka kwako. Mkeo alimkuta bibi yako?

Ngosha wa Dodoma

Hapana. Bibi amefariki 2016, mimi na mke wangu tumejuana 2018.

Mama Kulwa

Basi kwake Nyanzala si bibi, ni neno la Kisukuma lenye maana ya njaa. Hana kingine cha kulishikia. Mtu huyo umewahi kumsimulia, au ulimtajia jina na ahadi ya kaburini?

Karani wa Kata

Mimi napokea fomu za vizazi, niongee ya makaratasi.

Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90, kwa hiyo bado mna muda, lakini si wa kupoteza. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano hakilipiwi ada, kinatolewa kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata. Mpango huo ulianzia Mbeya 2013 ukasambaa mikoani.

Najua kuna mtu atakuja na wazo la kuandika yote mawili, Furaha Nyanzala, halafu jina la baba, halafu la ukoo. Naomba msifanye. Fomu zetu nyingi zina jina la kwanza, la kati na la mwisho. Ukiweka manne, shule ya msingi mwalimu ataacha moja, kwenye mtihani wa darasa la saba litaachwa lingine, akifika kidato cha nne vyeti vinasoma hivi na kitambulisho cha taifa kinasoma vile. Kila wiki napata kijana amesimama dirishani na kiapo cha mahakama mkononi, anaomba athibitishwe kuwa yeye ni yeye. Chagueni moja liende kwenye cheti, mkubaliane na herufi zake, mliandike hivyo hivyo kila mahali.

Mto Ruvubu

Mimi ni Mrundi, nimekulia Kigoma. Kwetu hakuna jina la ukoo la kurithishana. Kila mtoto anapata lake, ndiyo maana mimi na kaka yangu wa damu majina yetu ya mwisho hayafanani na walimu wa Tanzania walituhoji sana kama kweli ni ndugu. Jina kwetu ni kauli ya mzazi siku ile. Ndayishimiye ni namshukuru Yeye, Nkurunziza ni habari njema. Lakini wako pia waliopewa majina ya huzuni ya mzazi, ya ugomvi na jirani, ya msiba. Mzazi anasema la moyoni mara moja, anatua mzigo. Mtoto ndiye anayelisema kila akiulizwa wewe nani.

Sina la kukuamulia ndugu yangu. Nimewaza tu kwamba bibi yako alizaliwa na njaa ile, ilikuwa yake. Mtoto wako amezaliwa mwaka gani, na kulikuwa na nini?

Mtemi Mdogo

Mto Ruvubu, ukienda hivyo hakuna jina la babu litakalobaki. Majina yetu mengi yana maana ngumu na watu wameishi nayo vizuri. Masikio yanazoea. Nani leo akisikia Shida au Mashaka anafikiria shida?

Binti Usambara

Anayeitwa Shida.

Ngosha wa Dodoma

Wakuu, samahani nilipotea siku nne. Narudi na mrejesho na nitaueleza wote, mke wangu ameniruhusu.

Jumamosi mchana shangazi alikuwa sokoni Majengo, mtoto amelala. Mke wangu alikuwa anakunja nepi kitandani. Nikamuuliza kama Binti Usambara alivyosema, bila kumtetea bibi, nikauliza tu kwa nini. Hakujibu. Akainuka, akafungua begi lake la vyeti, akatoa cheti cha kidato cha nne, akaniwekea juu ya nepi. Akasema, "Soma jina."

Humu sikuwaambia jina la mke wangu kwa sababu ya faragha, na pia, sasa naona, kwa sababu sikudhani linahusika. Mimi namwita Tabitha. Kanisani ni Tabitha, kazini ni Tabitha. Kwenye vyeti na kitambulisho ni Tabu. Nilikuwa najua. Niliona mara ya kwanza tulipokuwa tunaandikisha ndoa, nikatabasamu, nikapita.

Akanieleza. Mama yake alishikwa na uchungu siku mbili. Walimshusha kwa machela kutoka kijijini, milima yenyewe mnaijua, mvua inanyesha. Baba yake alipofika hospitali na kukuta wote wazima, akasema huyu ni Tabu. Kwa baba yake lilikuwa neno la shukrani. Lakini shuleni mwalimu akikasirika alikuwa anasema, "Kweli wewe ni tabu." Kwenye usaili wa kazi mtu anacheka kwanza ndiyo anampa mkono. Tabitha aliliomba mwenyewe kwenye kipaimara kwa sababu linaanza kwa herufi zile zile, akaona labda watu watasahau.

Halafu akanisimulia ya wodini, ambayo sikuwepo, nilikuwa nje nimezuiwa. Nesi aliita kwa sauti ya juu, kama wanavyoita wote, "Mtoto wa Tabu! Mtoto wa Tabu yuko wapi?" Mama wa kitanda cha pili akamgeukia akamwambia, "Pole."

"Nimemshika mwanangu ana saa nne duniani," akaniambia, "napewa pole."

Wakuu, kadi yetu juu imeandikwa "Mtoto wa Tabu". Mimi nilikuwa nafuta Furaha, naandika Njaa chini yake. Nilifanya hivyo mara mbili. Siku hizo 23 nimelisoma lile neno la juu kila mara na sikuliona.

Furaha nalo nilisema halina mtu. Akanionyesha. Alilichagua akiwa darasa la sita, alikuwa anaandika nyuma ya madaftari yake, "Mama Furaha". Kwa hiyo lilikuwa na mtu, mtu mwenyewe ni yeye.

Sikuwa na la kusema, nikakaa. Baadaye ndiyo nikamkumbuka Mama Kulwa, nikaanza kumsimulia bibi. Miaka yote hii sikuwahi kumsimulia, nilimwambia tu "bibi alinilea". Nikamwambia alivyokuwa anakata viazi, anavianika juu ya jiwe, tunageuza michembe pamoja jioni ili isipate umande. Alivyokuwa anaiuza mnadani, na hela ya sare yangu ya kidato cha kwanza ilikuwa noti za mia tano zilizofungwa kwenye pindo la khanga, amezifungua mbele ya fundi kwa meno kwa sababu fundo lilikuwa limekaza. Zile noti zilikuwa zinanukia michembe. Nikamwambia alivyokuwa anasubiri mimi nimalize kula ndiyo anakula yeye, na kwamba nilikuwa mkubwa kabisa ndipo nilipoelewa kwa nini.

Mke wangu alilia. Akasema, "Huyu mtu mbona hukuniletea? Uliniletea jina lake."

Tumekubaliana hivi: kwenye cheti ni Furaha. Kishapu na kwa watu wa kwetu wote ni Nyanzala, na hakuna atakayewakataza. Nilikwenda mwenyewe kumwambia shangazi. Hakufurahi, siwezi kuwadanganya. Alikaa kimya muda mrefu anachambua mchele, kisha akasema, "Andikeni mnavyotaka. Mimi huyu ni mama yangu." Tangu siku hiyo anamwita mayu.

Na mimi ile ahadi ya kaburini bado inaniuma. Nilitaka liandikwe. Nitakwenda Kishapu mwezi wa saba, nitasimama pale pale niseme ilivyokuwa.

Mzee wa Kisauni

Mwanangu, ukifika pale mwambie na habari ya mkeo. Mungu akuhifadhieni.

Mtemi Mdogo

Mkuu nimesoma yote. Nilikushauri uchukue kalamu ya wino. Naomba unisamehe, na umfikishie shemeji.

Karani wa Kata

Safi. Mpeleke taarifa kabla siku 90 hazijaisha. Na kama shemeji atataka jina lake mwenyewe libadilike rasmi, kwa mtu mzima ipo hati ya kubadili jina. Inaandaliwa kwa wakili, inasajiliwa kwa msajili wa hati, kisha unakwenda nayo kwenye kitambulisho na kwingine. Ni mzunguko, lakini unafanyika.

Ngosha wa Dodoma

Ahsante Karani, nimemsomea. Amesema baba yake yuko hai na anampenda, hataki alione hilo. Kwa sasa amesema tuliache.

Wa Nyeri

Nimesoma hii uzi mara mbili. Jumapili naenda kwa mamangu. Sijui nitasema nini lakini naenda.

Nesi Zamu ya Usiku

Wiki ya 6 mmekwenda chanjo? Kilio kikoje?

Ngosha wa Dodoma

Tumekwenda Jumatatu. Amepata zote, ana kilo 4.9. Nesi alipouliza jina, mke wangu alichukua kalamu yake akaandika mwenyewe. Wino ulisambaa kidogo pale palipochubuka, herufi F imekuwa nene kuliko zingine, lakini linasomeka. Nikauliza kama kadi inaweza kuitwa kwa jina la mtoto badala ya la mama, nesi akasema inawezekana, akaita, "Furaha!" Watu wakageuka kumtazama mtoto.

Kilio bado. Usiku wa kuamkia jana niliamka saa tisa nikasikia mke wangu yuko sebuleni anatembea naye kwenye giza. Anambembeleza kwa sauti ya chini. Nikasogea mpaka mlangoni. Alikuwa anasema, "Nyamaza, Nyanzala. Nyamaza, bibi. Nyamaza."

Hakunyamaza. Alilia mpaka saa kumi na moja, nikampokea, mama yake akalala. Chanjo ya wiki ya 10 ni tarehe 14.